Sauti Niliyoiazima Bila Kuomba

Jumamosi, tarehe 2 mwezi wa nane

Mvua imerudi Bunia leo, na mimi nimefungua daftari hili kwa sababu nina jambo moja la kumwomba Papa na siwezi kuliomba mara mbili.

Papa hajibu jambo mara mbili. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini, nadhani huko ndiko alikoipata tabia hiyo. Unamwomba, ananyamaza siku moja au siku saba, kisha anajibu. Jibu likishatoka, jambo limekwisha. Ukilirudia anakutazama kana kwamba aliyesema ni mtu mwingine, katika nyumba nyingine.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata diploma ya Taifa, asilimia sitini na nane. Mama ameshaamua moyoni kwamba nitakwenda Nyankunde kujifunza uuguzi. Mimi nataka kucheza jukwaani, si michezo ya Noeli ya parokia, bali kama kazi, kila siku. Ziko shule mbili zinazoweza kunichukua, moja Kinshasa, moja Kisangani. Zote zinataka sahihi ya mzazi kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa. Kwa hiyo lazima kwanza nichague mwenyewe, bila kukosea. Ndipo nimwombe Papa.

Jumanne, tarehe 5

Mvua. Nguo nilizofua Jumapili bado ziko kwenye kamba sebuleni.

Jumatano, tarehe 6

Leo nimesoma tena matangani. Marehemu alikuwa bibi wa majirani wa nyuma yetu hapa Rwambuzi, miaka themanini na moja. Ni wa arobaini na mbili.

Ninawahesabu. Hapa kwetu mtu hazikwi kabla historia yake haijasomwa mbele ya watu: alizaliwa wapi, mtoto wa nani, alisoma nini, alioa au aliolewa mwaka gani, ameacha nani. Kwa mtaa wetu Papa ndiye anayeziandika. Familia zinakuja, zinakaa kwenye benchi letu, zinamsimulia mtu wao, naye anaandika kwa Bic ya buluu kwenye karatasi ya miraba. Zamani alizisoma mwenyewe. Miaka mitano iliyopita alipasuliwa koo Nyankunde. Alirudi mzima, lakini sauti haikurudi naye. Amebaki na mnong'ono ambao inabidi umkaribie ili uusikie. Tangu hapo anaandika yeye, ninasoma mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Kanuni yake ni moja: soma kilichoandikwa, kisha kaa.

Mimi huwa nasoma kilichoandikwa, lakini najua ni wapi pa kupunguza mwendo. Najua kwamba jina la mtoto wa mwisho likitajwa polepole, mama wa marehemu ataanguka. Leo walilia mpaka mpiga ngoma wa kwaya akatoka nje. Mimi pia nililia. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, nilifurahi, na nikaona haya kwa kufurahi, lakini furaha ilibaki.

Papa aliwahi kusema kwamba jukwaani watu wanasema uongo huku wamesimama. Lakini bibi wa leo alikuwa na mume wa kwanza Mahagi. Familia iliomba asitajwe, na Papa hakumtaja.

Jumapili, tarehe 10

Baada ya misa Josias alinionyesha kwenye simu yake picha za shule ya Kinshasa. Josias ndiye anayeongoza kikundi chetu cha michezo parokiani. Mimi na yeye tumecheza pamoja tangu darasa la nane, na yeye ameshapeleka karatasi zake Kinshasa. Alihesabu madirisha ya ghorofa zake tatu kana kwamba ni yake.

"Elo, kule iko étage tatu, iko taa za projecteur, iko ba-prof wenye walisoma Ulaya," alisema. "Kisangani iko nini? Samaki."

Nilimkumbusha wale watu wa Kisangani waliopita hapa miaka miwili iliyopita, wakacheza katika ukumbi wa parokia. Alisema hata vazi hawakuwa nalo. Ni kweli. Mwanamke mmoja alikaa kwenye kigoda, akamenya mihogo, mihogo ya kweli, muda mrefu sana, bila neno. Ukumbi ule ambao haunyamazi hata wakati wa Injili ulinyamaza. Mpaka leo sijui alifanya nini. Jina lake ni Geneviève, na shule ni yake: wanafunzi kumi na wawili katika hangar, ghala la zamani karibu na mto.

Kinshasa wana barua yenye mhuri. Geneviève ana namba ya WhatsApp.

Alhamisi, tarehe 14

Ushindi wa parokia yetu amekuja likizo kutoka Kinshasa. Amemaliza mwaka wa pili katika shule ile ile. Nilikwenda kwao na maswali niliyoyaandika. Alinijibu vizuri. Amesoma vitabu vingi, anajua historia ya michezo ya Wagiriki na ya Wafaransa, ana walimu anaowaheshimu. Mwisho nikamuuliza kwa miaka miwili amesimama jukwaani mara ngapi.

"Mara moja," alisema. "Nilikuwa mulinzi. Niliingia, nikafungua mulango, nikasema 'Mufalme anakuya,' nikatoka."

"Na kisha?"

"Kisha mufalme akakuya."

Tulicheka sana, na yeye hakucheka kwa uchungu. Anasema mwaka wa tatu atapata maneno zaidi. Niliporudi nilijiuliza kama mimi ningeweza kusimama miaka miwili nyuma ya mlango. Sipendi jibu nililopata, kwa sababu si jibu la unyenyekevu.

Jumanne, tarehe 19

Nimemwandikia Madame Geneviève. Alijibu upesi: nimtumie sauti yangu nikisoma kitu ninachokisoma mara kwa mara. Nilijifungia chumbani, nikamsomea historia ya yule bibi, yote, na mwishoni sauti ikanikatika pale pale inapokatika siku zote. Nikatuma.

Alhamisi, tarehe 21

Amejibu. Sekunde arobaini za sauti. Nimeisikiliza mara sita na sasa naweza kuiandika bila simu:

"Mutoto wangu, sauti iko, hiyo hakuna mashaka. Lakini weye unalia mbele ya watu. Kama weye unalia wa kwanza, siye tutafanya nini? Tutakuangalia tu. Mutu alikufa, na siye tunaangalia weye. Ukikuya kwangu, mwaka wa kwanza nitakuondolea hiyo. Itakuuma."

Hakusema nije. Hakusema nisije.

Ijumaa, tarehe 22

Nimefuta ujumbe wake. Mwanamke anayemenya mihogo.

Jumatatu, tarehe 25

Mvua tangu asubuhi. Nimechagua Kinshasa. Wanataka video ya dakika tano ya mwombaji akiwa mbele ya watazamaji. Kikundi chetu hakina mchezo wowote tayari, wala watazamaji. Josias anasema nina watazamaji kila penye matanga. Nilimwambia anyamaze.

Alhamisi, tarehe 28

Papa Étienne, dereva wa lori wa mtaa wetu, alifariki jana. Presha. Familia yake ilikaa kwenye benchi letu asubuhi yote. Papa ameandika kurasa mbili.

Josias alinipigia. Alisema neno moja tu: "Jumamosi?" Nikasema sijui. Kwa Josias, sijui yangu ni ndiyo, na mimi nalifahamu hilo.

Jumamosi, tarehe 30

Nataka kuandika kila kitu kwa utaratibu.

Papa Étienne aliendesha lori la Komanda miaka ishirini. Mtaa mzima ulikuwa unalijua neno lake. Kila alfajiri kabla ya kuwasha injini alisimama kwenye ngazi ya lori na kuita kwa sauti yake nene, yenye mikwaruzo: "Wenye kubakia, mubakie muzuri. Wenye kupanda, mupande." Mtoto wake wa mwisho, Vanessa, ana miaka sita. Kila akisikia neno lile alitoka mbio, baba yake anampandisha kwenye kabini, anamwendesha hadi kona ya barabara kubwa, anamshusha, na mtoto anarudi kwa miguu akijiona amesafiri. Sisi sote tulikuwa tunamwona akirudi. Mimi nilikuwa namwona. Naandika hivi ili nisije siku moja nikasema sikujua.

Papa hakuliandika neno lile katika historia. Aliandika tu kwamba marehemu aliwaaga watu vizuri.

Matanga yalikuwa kwao, chini ya shitingi mbili, maturubai ya plastiki, zilizofungwa pamoja juu ya nguzo za miti, na mvua ilikuwa inapiga juu yake. Watu walikuwa wengi, madereva wenzake walisimama hadi barabarani. Josias alikaa mstari wa tatu, simu kwenye goti, ikirekodi. Mjane, Mama Christella, alikaa chini kwenye mkeka karibu na jeneza, Vanessa akiwa pembeni yake na gauni jeupe la Komunyo la dada yake, limekunjwa mikono.

Nilisoma ukurasa wa kwanza vizuri. Niliona wanaume wanashika paji la uso. Nikasikia ndani yangu kwamba bado hawajafika pale ninapotaka, na kwamba zimebaki dakika mbili za video. Nilipofika kwenye sentensi ya kuaga niliacha karatasi. Nilitoa sauti kutoka tumboni, nzito, na mikwaruzo yake, na lile pumziko fupi alilokuwa akiliweka katikati. Nikaita: "Wenye kubakia, mubakie muzuri. Wenye kupanda, mupande."

Ilikuwa yeye. Najua ilikuwa yeye kwa sababu madereva waliokuwa barabarani waligeuka wakatazama upande wa lori.

Kilio kilipanda kote. Na katikati ya kilio Vanessa alisimama, akavuta gauni lake juu kidogo lisimkwaze, akakimbia. Hakukimbilia jeneza. Alipita katikati ya miguu ya watu, akatoka nje kwenye mvua, akazunguka nyumba hadi pale lori linapoegeshwa, kwa sababu kule ndiko sauti ile ilikokuwa ikimwita siku zote. Dada yake alimfuata. Tulimsikia kutoka nyuma ya nyumba. Hakuwa analia. Alikuwa anaita, "Papa, niko! Ningoje!" kama mtu anayeogopa kuachwa.

Mama Christella hakupiga kelele. Alinitazama tu. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi mkononi na machozi usoni, na yale machozi yalikuwa ya wapi, sijui.

Ndipo Papa aliponyanyuka. Alikuja hadi mbele, akaichukua karatasi mkononi mwangu kama alivyokuwa akichukua daftari la mwanafunzi, akaanza upya, kutoka mstari wa kwanza. Kwa mnong'ono wake. Mvua ikipiga shitingi, hakuna aliyesikia kitu. Nilitaka kufa kwa ajili yake.

Kisha niliona benchi la mbele linasogea. Halafu la pili. Watu walinyanyua viti na kuviweka karibu, bila kuambiwa. Wanawake waliokuwa wakilia walifunga midomo kwa vitenge ili wasikie. Madereva waliingia kutoka barabarani, wakachutama. Papa hakupandisha sauti, hakupunguza mwendo mahali popote. Alisoma mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa ndoa kwa uzito ule ule. Alipomaliza, watu mia mbili walikuwa wamemzunguka wakiwa wameinama mbele, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama. Walikuwa wanalitazama jeneza.

Akakunja karatasi. Akakaa.

Jumapili, tarehe 31

Papa hajasema nami. Mama amesema kwa ajili ya wote wawili.

Jumatano, tarehe 3 mwezi wa tisa

Mvua. Papa hajasema nami.

Josias alipita. Anasema video ni ya ajabu, anasema katika maisha yake hajaona kitu kama kile, anasema mpaka mtoto aliamini. Nilimwambia aifute. Akauliza kama nasema kweli. Nilichelewa kujibu.

Jumamosi, tarehe 6

Kulikuwa na matanga upande wa pili wa mtaa. Hawakuniita.

Jumatano, tarehe 10

Kinshasa wamejibu. Josias aliituma ile video. Wameandika kwamba ombi langu ni la pekee, kwamba wamevutiwa na "nguvu ya uwepo wangu mbele ya umma", na kwamba nafasi yangu iko, inabaki sahihi ya mzazi. Barua ina mhuri. Jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa.

Nimeisoma mara nyingi. Najua kila neno la sifa ndani yake limetoka wapi: limetoka kwa mtoto aliyekuwa anazunguka nyumba kwenye mvua.

Nafasi iko. Kisangani hakuna nafasi, kuna ujumbe nilioufuta. Mtu mwenye akili angemwomba Papa kesho.

Ijumaa, tarehe 12

Nimeshindwa kumwomba. Siyo hofu ya jibu. Ninaogopa atakubali.

Jumamosi, tarehe 13

Mama alisema: kabla hujaomba kitu chochote katika nyumba hii, nenda ukaombe msamaha kwa watu. Alinifungia kuku mmoja na sukari kilo mbili kwenye kitenge, akaja nami hadi kwenye uzio wao, akabaki nje.

Mama Christella alikuwa anachambua maharagwe. Alipokea kuku, akamfunga kwenye mguu wa meza, akanionyesha mahali pa kukaa. Nilipiga magoti badala ya kukaa, nikasema niliyokuja kusema: kwamba nilifanya vile si kwa ajili ya marehemu wala kwa ajili yao, bali kwa ajili yangu, na kwamba kulikuwa na simu. Hilo la simu hakulijua. Mikono yake ilisimama kwenye maharagwe muda, halafu ikaendelea.

"Miye sikasirike juu ya sauti," alisema. "Watu wengine walisema ni uchawi, nikawaambia wanyamaze. Miye pia nilimusikia. Lakini kila asubuhi mutoto ananiuliza: ule dada mwenye sauti ya Papa atakuya siku gani? Nimujibu nini, Elodie? Niambie weye, mwenye kusoma."

Vanessa alikuwa mlangoni kumbe, na aliposikia jina langu akaja, akasimama karibu kabisa, akanitazama mdomo.

"Ya Elo," aliniita, kama anavyoitwa dada mkubwa. "Fanya."

Nilijua ningeweza. Sauti ilikuwa pale, tumboni, tayari. Angecheka. Angefurahi, na kesho angerudi mlangoni kwetu, na keshokutwa. Mama yake alikuwa ameacha kuchambua, na hakuniambia ndiyo wala hapana.

"Siwezi," nilimwambia. Nilimwambia kwa sauti yangu, ambayo ilitoka nyembamba, hata sikuitambua. "Ile sauti ni ya Papa yako. Niliiazima bila kuomba. Nimeirudisha."

"Umeirudisha wapi?"

"Kwake."

Alifikiri. Akauliza kama Papa yake ataihitaji kule. Nikasema ndiyo, kuna watu kule pia wa kuaga. Akaenda kumwangalia kuku.

Sikulia. Si kwamba sikutaka. Niliona kwamba nikilia, itabidi mama yake aache maharagwe anibembeleze mimi. Mwanamke yule wa Kisangani aliniambia jambo hilo hilo kwa sekunde arobaini, na mimi nilidhani amenitukana.

Jumanne, tarehe 16

Nilimwandikia Madame Geneviève kila kitu, na simu pia, na barua ya Kinshasa pia. Kisha nikasoma historia ya Papa Étienne, ile iliyoandikwa, bila kitu cha kuongeza. Mara ya kwanza nilisikika kama mtangazaji wa redio. Mara ya nne nilikuwa nimechoka, nikaisoma tu. Nikatuma hiyo.

Alhamisi, tarehe 18

"Sasa nimemujua huyu dereva," amesema. "Kuya. Mwezi wa kumi, tarehe kumi na tatu tunaanza. Ndege ya siku ya ine iko, usipite barabara ya Komanda, iko na hatari. Na usifikiri mwaka wa kwanza utacheza. Utamenya mihogo." Halafu alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayevuta sigara.

Ijumaa, tarehe 19

Nimemwambia Josias. Aliuliza kama najua idadi ya watu waliokataliwa Kinshasa mwaka huu. Yeye mwenyewe amewekwa kwenye orodha ya kungoja. Sikulijua hilo. Alituma video yangu akijua kwamba nafasi yangu inaweza kuwa nafasi yake. Wiki tatu nimekuwa nikimfikiria kama mwizi.

"Unaacha étage tatu kwa ajili ya hangar," alisema. "Weye iko mugonjwa."

Nilimwambia labda orodha itasogea sasa. Aliniomba nisimhurumie, akapanda pikipiki, akaondoka. Alirudi baada ya dakika tano kuniambia kwamba ameifuta video.

Jumamosi, tarehe 20

Nimemwomba Papa.

Alikuwa kibarazani, mvua imepumzika. Nilimwambia kuna shule mbili, nilimwambia ile yenye mhuri imenikubali na kwa sababu gani imenikubali, nikamwambia nimechagua nyingine. Nilimwekea mbele yake fomu ya Kisangani aliyonitumia Madame Geneviève, mstari mmoja: Mimi mzazi, nakubali. Niliongea bila kupamba. Nilisema nataka kujifunza kufanya kile alichokifanya yeye tarehe thelathini.

Alinitazama, mara ya kwanza baada ya majuma matatu. Nilisogea karibu ili nimsikie.

"Na marehemu wetu?" alisema.

Hapo nikaelewa. Miezi yote hii nilidhani anachukia jukwaa. Alikuwa anawaza benchi letu, familia zinazokuja, karatasi itakayobaki bila mtu wa kuisoma.

"Utawasomea mwenyewe, Papa."

Aligusa koo lake.

"Watu watasogea," nilisema. "Walisogea."

Akaichukua fomu, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati. Sasa ni kungoja.

Jumapili, tarehe 21

Hajajibu.

Jumatatu, tarehe 22

Mvua kubwa, ukuta wa choo umeanguka. Hajajibu.

Jumatano, tarehe 24

Mama anazungumzia Nyankunde, kwamba mwezi wa kumi wanapokea wanafunzi. Papa alikula bugali wake wote na kuomba mboga ya sombe zaidi. Hajajibu.

Ijumaa, tarehe 26

Nimetamani kumwuliza tena. Nilikwenda hadi mlangoni. Nikarudi.

Jumamosi, tarehe 27

Matanga ya mwalimu mstaafu, rafiki wa Papa. Nilikaa nyuma kabisa, na wanawake wa kuosha sahani. Papa alisimama mwenyewe na karatasi yake. Walisogea.

Mwanzoni nilikuwa nahesabu makosa: hapa angepumzika, hapa angeinua macho. Halafu niliacha kuhesabu. Nilipokuja kujitambua nilikuwa nimeshika sahani moja kavu muda mrefu, na nilikuwa nimemfahamu mwalimu yule kiasi kwamba nilisikitika sikuwahi kumsalimu.

Bado siku tatu. Hajajibu.

Jumatatu, tarehe 29

Jibu limekuja leo mchana.

Mvua ilikuwa nyepesi. Papa aliingia sebuleni na karatasi moja ya miraba, akamwita Mama, akatuonyesha viti. Mimi alinionyesha nisimame. Karatasi akanipa.

"Soma," alisema.

Nikatazama mstari wa kwanza. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mara arobaini na tatu, ila kila mara ilikuwa na jina la mtu mwingine. Nikasoma:

"Elodie, binti wa Gustave na wa Claudine, alizaliwa Mahagi siku ya soko, wa tatu katika watoto watano."

Mama alinyanyuka. "Gustave! Mutu muzima haandikiwe historia. Unataka kuniulia mutoto?"

Papa alimnyooshea kiganja, taratibu, kama anavyonyamazisha darasa. Mama akakaa, lakini upande, uso kwa dirisha, kiti amekivuta mbali. Nikaendelea.

"Aliongea kabla ya kutembea. Alipokuwa na miaka minane aliiga sauti ya padri mbele ya padri, na padri akacheka. Baba yake alipopoteza sauti, yeye alimpa yake, na hakumdai. Amewasomea wafu wa Rwambuzi arobaini na watatu. Kwa wa mwisho alikosea. Alikwenda kwa miguu yake kuomba msamaha. Amechagua shule ndogo kuliko ile iliyomtaka, na sababu zake baba yake amezisikia. Anaacha baba, mama, ndugu wanne, na benchi."

Nilisoma kilichoandikwa. Kwenye neno "hakumdai" nilitaka kupunguza mwendo. Nililisoma kwa mwendo ule ule wa maneno mengine, nikapita. Chini ya neno "benchi" kulikuwa na nafasi ya mistari mitatu, pale ambapo siku zote huwa kuna tarehe ya kufa. Ilikuwa tupu. Nikaishusha karatasi.

"Geuza," alisema Papa.

Upande wa pili alikuwa amebandika fomu ya Kisangani, yenye alama za mikunjo minne. Mimi mzazi, nakubali. Sahihi yake, ile ya daftari za wanafunzi, na tarehe ya leo. Niliyasoma na hayo kwa sauti, mpaka tarehe.

Nilipoinua macho, kiti cha Mama hakikuwa tena dirishani. Alikuwa amekisogeza, sijui wakati gani, mpaka magoti yake yalikuwa yanagusa yangu.